Kidevu cha Selpha

Watu wa Port Victoria walimsifu Selpha kwa unyenyekevu kwa muda mrefu, bila kujua kwamba walichokuwa wakikisifu ni kovu.

Alikuwa mchuuzi wa samaki, mzaliwa wa upande wa Bondo, aliyehamia Port Victoria kufuata mbuta wakati ule wa miaka ya themanini samaki huyo alipojaa ziwani hata watu wakawa hawajui wamfanyeje. Kila asubuhi ungemwona ufukweni na karai lake, kichwa kimeinama, kidevu kimelalia kifua upande wa kushoto, macho chini. Hakumtazama mtu usoni. Akina mama walimtolea mfano kwa binti zao: "Mnamwona yule msichana wa Bondo? Angalieni adabu yake."

Ukweli ni kwamba Selpha asingeweza kumtazama mtu usoni hata angetaka, na alitaka sana. Alipokuwa msichana wa darasa la saba, stovu ya mafuta ya taa ililipuka akichemsha chai ya wageni nyumbani kwa shangazi yake. Moto ukashika kola ya gauni. Ulipozimwa, shingo ilikuwa imeungua kuanzia chini ya taya la kushoto. Mama yake alimuuguza nyumbani kwa asali, na kwa kuwa kuinua kichwa kulimtoa machozi, alimwekea mito mirefu, akalala hivyo, kidevu kifuani, mpaka kidonda kikafunga. Kilipofunga, kidevu kilikuwa pale pale. Ngozi ilijikunja ikawa kamba nene na ngumu kutoka tayani hadi kwenye mtulinga, na kamba hiyo haikulegea tena. Iliuvuta hata mdomo wa chini, kiasi kwamba mate yalimponyoka asipokuwa mwangalifu. Ndiyo maana mbele ya wakubwa alinyamaza, leso mdomoni. Hiyo nayo wakaiita adabu.

Lakini kwa watu wa rika lake, ulimi wake ulikuwa wembe. Absalom Wakoli ndiye aliyelijua hilo kuliko wote.

Absalom alikuwa fundi wa mashua, mwenyeji wa hapo hapo, mrefu wa kuinama kila mlangoni. Siku moja alishusha majini mashua mpya, rangi bado inanukia, na watu wakapiga makofi. Selpha alikuwa amesimama karibu. Macho yake, ambayo hayakuona kingine ila sakafu ya mashua, yakaona maji yakipenya taratibu kati ya mbao mbili.

"Bwana fundi," akasema, "hii umeitengeneza ya kuvulia samaki au ya kufugia?"

Ufuko mzima ulicheka. Absalom hakukasirika. Alikuja akachuchumaa mbele yake, kwani bila kuchuchumaa asingeuona uso wake, akakuta macho mawili maangavu yamejaa utundu, yakisubiri jibu. Tangu siku hiyo alitafuta sababu za kupita mahali Selpha alipouzia samaki, na kila alipofika alichuchumaa, mpaka watu wakamuuliza kama magoti hayamuumi.

Alipomwambia mama yake kwamba ameona mchumba, mama huyo, Metrine, alishangilia. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Katika mji wake neno la mwisho lilikuwa lake daima. "Yule anayeinama? Mwanangu, hapo umechagua. Mke wa kunyamaza ni baraka." Absalom alikohoa kidogo, akaona hakuna haja ya kusahihisha.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo, posa imekubaliwa Bondo, siku dada yake Selpha alipokuja kumtembelea. Dada huyo, Dorca, aliuza nguo za mitumba soko la Kibuye, Kisumu. Alikaa kwenye kiti, akamtazama mdogo wake akinywa chai. Selpha hakuweza kuinua kichwa ili kikombe kiishe. Ilimbidi auegemeze mwili mzima nyuma, kama mtu anayetaka kuanguka chali.

"Nyamera," Dorca akasema, kwa lile neno la Kijaluo la kumwita ndugu yako wa damu, "kuna daktari amekuja hospitali ya misheni kule kwetu Kisumu. Mkikuyu, anaitwa Chege. Mteja wangu mmoja, Bilha, ni nesi huko. Anasema huyo bwana ananyoosha mikono ya watoto walioungua. Watu wanaingia wamejikunja, wanatoka wamenyooka."

"Na shingo?"

"Sijui. Tukamuulize."

Walikwenda wiki hiyo hiyo.

Dakta Bildad Chege alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabia ya kupiga mluzi akifikiri. Alimkalisha Selpha dirishani, akaibonyeza ile kamba ya kovu, akamwambia ajaribu kuinua kichwa. Kamba ilikaza kama waya wa kuanikia nguo. Kisha akaifinya ngozi ya pande zote mbili za kamba, akaikuta laini, imelegea.

"Hapa una bahati," akasema.

"Bahati gani, Daktari? Miaka yote hii nawatambua watu kwa viatu. Wewe mwenyewe kamba ya kiatu cha kulia imefunguka."

Daktari alitazama chini. Kweli ilikuwa imefunguka. Alicheka, akainama kuifunga, na alipokuwa bado chini, uso wake ukiwa sambamba na wake, akamweleza.

"Bahati ni hii. Kama shingo yote ingekuwa kovu, ingenibidi nichukue ngozi pajani nije kuipandikiza. Lakini wewe kovu lako ni kama ukingo wa shamba: limesimama jembamba, na huku na huku kuna udongo mzuri. Ngoja nikuonyeshe."

Alifungua droo, akatoa kipande cha tyubu ya baiskeli. Akakitandaza mezani, akachora kwa chaki mstari ulionyooka. "Hii ndiyo kamba yako." Kwenye kila ncha ya mstari akachora mkono mmoja, wa juu ukielekea huku, wa chini ukielekea kule, ikatokea herufi Z. Akakata kwa mkasi kufuata chaki. Pembetatu mbili zikainuka kama masikio ya mbuzi.

"Sasa hii naipeleka pale, na ile naileta hapa." Akazibadilisha nafasi, akazibana kwa pini. Mstari uliokuwa umesimama sasa ulikuwa umelala, na kile kipande cha mpira kilikuwa kirefu kuliko mwanzo.

Selpha alikitazama kwa muda. Akakishika, akakivuta, akakirudisha.

"Huo urefu umetoka wapi?"

"Pembeni. Umeona kimekuwa chembamba? Ngozi ya pembeni ilikuwa imelala tu bila kazi. Tunaiita ije isaidie."

"Na hizo pembetatu zikikataa kukaa ugenini?"

Dakta Chege alipiga mluzi mfupi. "Swali zuri. Hatuzing'oi. Kila moja inabaki imeshikana na mwili upande mmoja, damu inaendelea kuingia. Ni kama mtu anayegeuka kitandani; hajahama nyumba. Lakini zikivutwa sana, ncha yake inaweza kufa. Kazi yangu ni kuzishona zisivutwe. Kazi yako ni kutulia. Hutageuza kichwa, hutatafuna kitu kigumu, na siku za mwanzo hutasema."

"Asiseme?" Dorca alicheka mpaka akashika ukuta. "Daktari, hiyo ndiyo operesheni ngumu!"

Dorca alipomaliza kucheka, daktari aliongeza jambo moja kwa sauti ya chini. "Sikuahidi shingo ya zamani, dada. Kovu litabaki, litakuwa na kona kona. Ninachokuahidi kujaribu ni kidevu."

"Kidevu kinatosha," Selpha akasema.

Alirudi Port Victoria kuwaaga. Absalom alisikiliza amechuchumaa, akauliza kama itauma, kisha akauliza anaweza kuja siku gani kumwona. Metrine hakuuliza kitu. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, akauweka chini.

"Kwa nini ukatwe? Nani amelalamika? Mimi nimekupenda hivyo hivyo. Mungu ameshakutengeneza, mwanangu. Shingo ikisimama, kiburi nacho hupanda."

Kwa kawaida hapo Selpha angepeleka leso mdomoni. Safari hii aliishika mkononi tu.

"Mama Absalom," akasema, "Mungu hakunichoma. Ni stovu."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa mchele, na hakuna aliyemfukuza. Metrine alimgeukia mwanawe kama mtu aliyeuziwa ng'ombe akaletewa punda.

"Kumbe anajibu!"

"Anajibu, Mama," Absalom akakiri. "Anajibu vizuri sana."

Metrine alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Selpha aliondoka asubuhi iliyofuata akiwa hajui kama ana mchumba au hana. Safarini hadi Kisumu alilia kidogo, kisha akajiambia kwamba mtu aliyependwa kwa sababu ya kamba hawezi kujua kama amependwa, akapangusa macho.

Siku ya upasuaji daktari wa usingizi alimtazama shingo, akatikisa kichwa. Kwa mtu asiyeweza kunyoosha shingo, alisema, kupitisha ule mrija wa hewa kooni ni kubahatisha. Dakta Chege alikuwa ameshaliwaza hilo. "Tutamtia ganzi tu. Atakuwa macho, tutaongea naye."

Hilo la kuongea alikuja kulijutia. Kwanza alimchora shingoni kwa wino wa zambarau, Z tatu zikifuatana kando ya kamba kama ngazi. Kisha sindano za ganzi, ambazo Selpha alizihesabia methali za Kijaluo kwa sauti. Kisu kilipoanza, hakusikia maumivu, alisikia kuvutwa tu, kama mtu anayesukwa nywele. Bilha, yule nesi, alimshika mkono chini ya shuka.

"Sasa mnafanya nini?"

"Tunakata kamba," daktari akasema.

"Mbona mimi sisikii? Mna hakika mnanikata mimi?"

"Selpha, unaongea kwa shingo ninayoishika."

"Samahani, Daktari. Bilha, hivi huyu daktari ana mke? Mluzi huu wote ni wa mtu ambaye hana wa kuongea naye nyumbani."

Bilha alikazana asicheke, barakoa yake ikapanda na kushuka. Dakta Chege aliinua mikono yote miwili juu, akangoja chumba kitulie. "Nina mke," akasema, "naye ananikataza mluzi. Ndiyo maana naumalizia hapa. Tulia sasa, nafika penye mshipa."

Selpha akatulia. Na katika kutulia huko ndipo lilipotokea. Daktari alikata uzi wa mwisho wa lile kovu chini, na kichwa cha Selpha, kilichokuwa kimeinuliwa kwa mito ili kifuate shingo iliyokunjika, kikarudi nyuma chenyewe. Bilha alivuta mto mmoja, kisha mwingine. Kichwa kiliendelea kushuka polepole mpaka kikagusa meza. Selpha alikuwa akitazama dari. Kulikuwa na taa kubwa, na pembeni ya taa kulikuwa na mjusi.

"Wuololo," akashangaa kwa sauti ndogo. "Kuna mjusi juu yenu." Na machozi yakamteremka kuelekea masikioni, njia ambayo hayakuwa yameipita tangu utotoni.

Pembetatu zilibadilishana nafasi, moja moja, zikashonwa kwa uzi mwembamba. Alipotolewa nje alikuwa amefungwa bendeji nene na sponji shingoni, na Dakta Chege akarudia mbele ya Dorca: hakuna kugeuka, hakuna kutafuna, hakuna kusema mpaka aruhusu.

Siku ya pili yake, mlango wa wadi ulifunguka kwa kishindo na sauti iliyozoea kuita ng'ombe ikauliza, "Yuko wapi?"

Alikuwa Metrine, na nyuma yake Absalom akiinama mlangoni. Metrine alivuta kiti, akaketi, mfuko wa ndizi mapajani. Alingoja aamkiwe. Selpha alimnyooshea mkono tu, akaelekeza kidole kwenye bendeji.

"Amekatazwa kuongea, Mama," Absalom akasema.

"Vizuri. Basi atanisikiliza." Metrine alikaa akiuzungusha mfuko wa ndizi. "Mwanangu, umenikasirisha. Nimekaa na hasira yangu nyumbani, nikaisema yote kwa kuta. Kuta hazikunijibu. Tangu mume wangu afariki, hakuna anayenijibu. Huyu hapa," akamwonyesha Absalom kwa kidevu, "kazi yake ni 'ndiyo, Mama'. Kanisani 'ndiyo, Mama'. Nikasema moyoni, nilikuwa natafuta mtu mwingine wa kunyamaza, wa nini? Tayari nina nyumba nzima ya kunyamaza. Lile neno lako la stovu nimelicheka peke yangu jikoni, siku ya tatu. Marehemu mume wangu ndiye angelijibu hivyo."

Selpha alifungua mdomo. Bilha, aliyekuwa akipita na sinia la dawa, akamkazia macho. Akaufunga. Akashika mkono wa yule mama, akaukandamiza kwa nguvu, na kwa muda mrefu ndiyo yakawa mazungumzo yao.

Haikuwa laini yote. Bendeji ilipofunguliwa mara ya kwanza, ncha ya pembetatu moja, ya ile Z ya katikati, ilikuwa imegeuka rangi, nyeusi kidogo kama ganda la ndizi iliyoiva mno. Dakta Chege aliinamia hapo, na mluzi wake ukakatika. Alitoa nyuzi mbili ili ngozi ipumue, akasema watangoja. Selpha alikaa siku hizo akiwaza kwamba shingo yote itaoza na atarudishwa alikotoka. Dorca alimletea uji, Absalom akamletea habari za mashua. Ile sehemu nyeusi ikawa gaga, gaga likadondoka, na chini yake kukawa na ngozi changa, ya waridi. Ilikuwa ncha tu. Zile nyingine zilishika ugenini kama wenyeji.

"Sema sasa," daktari akamwambia siku aliyotoa nyuzi za mwisho.

Wote wakangoja: Dorca, Bilha, Absalom, Metrine, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani. Selpha alikuwa amesimama wima. Alikuwa akimtazama Absalom, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa amechuchumaa, na ilimbidi ainue kidevu ili afike usoni kwake. Kidevu kikainuka. Kilisita, kikavuta kidogo, kikainuka tena.

"Kumbe una pua kubwa hivi," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."

Metrine alicheka mpaka ndizi alizoleta safari hii zikamwagika.

Nje ya lango Absalom alinunua soda za baridi. Selpha aliukataa mrija. Aliinua chupa, akarudisha kichwa nyuma kama anavyofanya kila mtu bila kufikiri, na soda, ambayo haikuizoea njia hiyo, ikamwingia puani. Alipaliwa, akapiga chafya, akacheka, akainua chupa tena.

Daktari alikuwa ameonya kwamba kovu changa linapenda kurudi nyuma, na kwamba lisipokandwa na kunyooshwa kila siku litakaza upya. Basi Selpha alibaki kwa Dorca, mtaa wa Manyatta, akivaa kola ya sponji usiku, na mtu aliyejitolea kumkanda shingo asubuhi na jioni alikuwa Metrine. Dorca alidhani mama huyo angekaa kidogo tu. Alikaa mpaka mahindi yaliyokuwa yamepandwa nyuma ya nyumba yakachomwa yakaliwa. Alikuwa na vidole vyenye nguvu na hakuwa na haraka.

"Unanikanda au unanisaga?"

"Inua kidevu. Daktari amesema mpaka uone paa."

"Nimeliona paa. Lina mabati. Nimelihesabu lote."

"Lihesabu tena. Jana uliruka moja."

Bilha alipopita kuwasalimia alisikia ugomvi huo tangu barabarani, akadhani kuna mtu anapigwa.

Shingo haikurudi kuwa ile ya zamani, kama daktari alivyosema. Kovu lilikaa la kona kona, kama njia ya ng'ombe mlimani, na kugeuka kabisa kushoto hakuweza. Mwaka uliofuata Dakta Chege alirekebisha kidogo pembe ya mdomo, Z moja ndogo, na mate yakakoma. Selpha alirudi kwenye samaki wake, na alipouza aliwatazama wateja usoni, jambo ambalo liliwashangaza wale waliokuwa wakimpunja mizani akiwa hawaoni.

Walioana Desemba ya 1989, kanisani Port Victoria. Mchungaji alipomuuliza bibi harusi kama anakubali, Selpha alijibu kabla swali halijaisha, na watu wa nyuma walisikia. Metrine alihamia nyumba iliyojengwa karibu na yao, ua mmoja. Majirani wakazoea kuwasikia wawili hao tangu alfajiri wakibishana juu ya chumvi, juu ya kuku, juu ya nani atangulie ziwani kuchagua samaki, huku Absalom akigonga misumari yake chini ya mti na kutabasamu. Kukipita asubuhi bila mabishano, mtu alikuja kubisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa.